Video Isiyotikisika: Kutumia Kamera Ndogo Mkononi, Vichochoroni na Chomboni Lamu

Kamera ndogo za aksheni, kama GoPro, DJI Osmo Action na Insta360, nyingi zina uzito wa kati ya gramu 120 na 200. Wepesi huo ndio raha yake, na ndio mwanzo wa taabu. Kitu chepesi hufuata kila mshtuko wa kifundo cha mkono, wakati kamera nzito hukawia kidogo na hivyo kuumeza mtikisiko. Pale Lamu taabu huzidi, kwa kuwa Mji wa Kale hutembewa kwa miguu au juu ya punda, na ukitoka mjini unapanda chombo. Ni nadra mpiga video kuwa ametulia.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kutambua aina ya mtikisiko, kupanga kamera, kuishika, kutembea nayo, kuipeleka baharini, na mwisho kutumia programu kwa yale yaliyobaki. Wengi huanzia mwisho. Wanarekodi ovyo wakitumaini programu itasafisha, kisha wanagundua kwamba kilichoharibika hakisafishiki.

Kwanza jua ni mtikisiko gani

Fungua video iliyokuudhi. Isimamishe katikati ya mahali inapotikisika, uitazame fremu hiyo moja kwa makini, hasa maandishi ya kibao cha duka au nakshi za mlango.

Ikiwa herufi zimevutika zina mkia, au nakshi zimekuwa ukungu, tatizo ni shata (kile kinachoamua mwanga uingie kwa muda gani katika kila fremu) iliyofunga polepole. Kamera ilisogea shata ikiwa bado wazi. Fremu hiyo imekwenda, na hakuna programu itakayoirudisha.

Ikiwa fremu ni safi ila video ikicheza picha inarukaruka, tatizo ni mikono na miguu. Hili linarekebishika, kabla na baada ya kurekodi.

Ikiwa mlingoti ulionyooka unaonekana kupindapinda kama nyoka, au picha nzima inacheza kama faluda, huo ni mtetemo wa injini. Sensa ya kamera hizi haisomi picha yote kwa mpigo mmoja. Huisoma mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Injini ikiitetemesha kamera katika muda huo mfupi, mstari wa chini unaandikwa kamera ikiwa imeshahama kutoka pale iliposomea mstari wa juu. Dawa yake ni tofauti kabisa na za hayo mengine mawili.

Utulizaji wa ndani unaweza nini, na hauwezi nini

Mwaka 2018 GoPro ilitoa HERO7 Black ikiwa na utulizaji uitwao HyperSmooth. DJI ikafuata mwaka 2019 na RockSteady kwenye Osmo Action, na Insta360 wana FlowState. Majina mengi, kanuni moja: ndani ya kamera mna jairoskopu inayopima jinsi kamera inavyozunguka na kuinama. Kamera hurekodi eneo kubwa kuliko litakaloonekana, kisha huisogeza picha ya ndani kinyume na mzunguko uliopimwa. Ndiyo maana ukiwasha utulizaji kingo za picha hukatwa, kwa kawaida kama asilimia 10, na zaidi ukichagua kiwango cha juu.

Lakini jairoskopu hupima kuzunguka tu. Kupanda na kushuka kwa mwili mzima kila hatua haikuoni. Jaribu hivi: weka kidole chako sentimita 20 mbele ya jicho moja, kisha inua na kushusha kichwa kidogo bila kukiinamisha. Kidole kinaruka, lakini ukuta wa mbali umetulia. Kamera huona hivyo hivyo. Ufukweni Shela, bahari na vilima vya mchanga viko mbali, kwa hiyo sentimita chache za hatua hazionekani. Ingia kichochoro cha Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale, ambapo ukuta uko nusu mita kutoka begani, na sentimita zile zile zinaufanya ukuta wote urukeruke. Kamera ni ile ile na mipangilio ni ile ile, lakini matokeo ni mbingu na ardhi. Mtu akikuambia kamera yake "haitulizi" vichochoroni, mara nyingi kamera haina kosa. Kinachotakiwa ni kubadili mwendo, na hilo tutalifikia.

Mipangilio kabla ya kutoka nyumbani

1. Chagua 50Hz, ambayo kamera nyingine huiita PAL. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa zake hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukibaki kwenye 60Hz, video za ndani na za usiku zitakuwa na mistari inayopitapita.

2. Rekodi 4K (3840 kwa 2160) hata kama utatoa video ya 1080p (1920 kwa 1080). Picha ya 4K ina upana mara mbili na kimo mara mbili, kwa hiyo programu itakuwa na nafasi ya kutosha kukata kingo bila picha kufifia.

3. Fremu 25 kwa sekunde zinatosha kwa matembezi. Kwa mashindano ya punda, mashua iendayo kasi, au chochote utakachotaka kukipunguza mwendo, tumia 50.

4. Chagua pembe pana. Kadiri picha inavyovutwa karibu ndivyo mtikisiko unavyokuzwa. Usitumie zumu ya kidijitali unapotembea, hata kidogo.

5. Utulizaji uwe wa kiwango cha kawaida. Kiwango cha juu kabisa hukata sana kingo, na unapogeuka picha hung'ang'ania mahali kisha hurukia mbele ghafla.

6. Memori kadi iwe na alama ya V30, yaani yenye uwezo wa kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya video inakula gigabaiti 45, hivyo kadi ya 64 haifiki dakika 90. Kadi dhaifu hukatisha rekodi.

Mwanga: hapa ndipo video nyingi za Lamu zinapoharibikia

Tundu la lenzi la kamera hizi kwa kawaida halibadiliki, nalo liko karibu na f/2.8. Kwa hiyo kamera ina vitu viwili tu vya kucheza navyo, shata (hupimwa kwa sehemu za sekunde, kama 1/60) na ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga. Ikiachiwa ijiamulie, hupenda ISO ya chini, na mwanga ukipungua hukimbilia kuchelewesha shata.

Hebu tupige hesabu. Saa sita mchana kwenye ukingo wa bahari, kwa ISO 100, shata itakuwa karibu 1/4000. Ukiingia kichochoro chembamba chenye nyumba za ghorofa pande zote, mwanga unaweza kupungua hata mara 60, na kwa ISO ile ile shata inashuka hadi karibu 1/60. Jicho lako limezoea haraka, halikukuambia kitu. Lakini kwa 1/60 kila hatua inaacha ukungu kwenye fremu. Halafu utulizaji unaifanya picha isimame tuli, huku ukungu ule uliorekodiwa ukibaki pale pale. Matokeo yake ni picha iliyotulia lakini inayofifia na kung'aa kwa mapigo ya miguu yako. Mtazamaji hajui kasoro ni nini, anaona tu kwamba macho yanauma.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuingia kichochoroni, pandisha ISO ya chini kabisa kutoka 100 hadi 400, na ya juu kabisa iwe 1600, shata ikibaki ya kujiendesha. Hapo kamera inalazimika kutumia shata ya haraka zaidi: pale palipokuwa 1/60 sasa patakuwa karibu 1/240. Chembechembe zitaongezeka kidogo kivulini, lakini chembechembe zinavumilika na ukungu hauvumiliki. Ukitoka juani irudishe ISO ya chini 100, la sivyo kuta nyeupe za chokaa zitaungua kwa mwanga na kuwa nyeupe tupu.

Njia ya pili ni kufunga shata kwenye 1/200. Hii inafaa ukibaki kivulini tu. Ukiibuka ukingoni na shata imefungwa hapo, picha yote inakuwa nyeupe.

Usiku ni hadithi nyingine. Chini ya taa za umeme, shata salama ni 1/50 au 1/100. Ukienda 1/200, taa nyingi za bei nafuu zitapepesa. Yaani usiku huwezi kupata shata ya haraka, kwa hiyo usitembee. Simama, egemea ukuta, rekodi, sogea, rekodi tena. Na zima utulizaji wa kiwango cha juu, kwani gizani ndio unaoufanya ule ukungu uonekane zaidi.

Neno kuhusu filta za ND, zile za kupunguza mwanga. Wengi huzinunua baada ya kusikia kanuni ya kwamba shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu, yaani 1/50 kwa fremu 25. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kamera iliyo juu ya miguu mitatu. Kwa kamera ya mkononi inayotegemea utulizaji, itakuharibia kazi. Juani ND8 inakushusha hadi karibu 1/500 na ND16 hadi 1/250, na hapo bado uko salama. ND64 inakufikisha 1/60, na umerudi kichochoroni.

Namna ya kuishika

Usiishike kwa kidole gumba na cha shahada kama wanavyofanya wengi. Tafuta mpini wa sentimita 15 hadi 25. Ule wa plastiki unaoelea ni mzuri zaidi kwa Lamu, maana mkono wenye maji ya chumvi huteleza. Fimbo ndefu ya selfi iliyovutwa hadi mwisho inatikiswa na upepo, na kusi ikivuma ncha yake haitulii kabisa.

Fungia mpini ukanda wa shingoni. Sukuma kamera mbele mpaka ukanda ukazike, kamera ikiwa sentimita 30 hivi kutoka kifuani. Sasa kamera imeshikwa sehemu tatu: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na shingo. Viwiko viguse mbavu. Vidole visikaze, kwani misuli iliyokazwa hutetemeka yenyewe, na ndani ya dakika moja utauona mtetemo huo kwenye picha.

Bonyeza kurekodi, hesabu mbili, ndipo uanze mwendo. Ukimaliza, tulia hesabu mbili kabla ya kuzima. Sekunde hizo huokoa mwanzo na mwisho wa kila kipande, kwa sababu kidole kinapobonyeza kitufe hutikisa kamera nzima.

Kugeuka kufanyike kiunoni, si mikononi. Kitu kichukue sekunde 7 hivi kuvuka kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Utahisi unachelewa mno, lakini kwenye kioo ndio mwendo wa kawaida.

Kutembea vichochoroni

Kwa kuwa jairoskopu haioni kupanda na kushuka, kazi hiyo ni ya magoti. Yakunje kidogo na yabaki hivyo. Hatua iwe nusu ya kawaida yako. Tanguliza kisigino, bingirisha wayo hadi vidoleni, na weka mguu wa pili mbele ya wa kwanza kama unayefuata kamba. Kiuno kibaki kimo kimoja.

Zoezi zuri la hili halihitaji kamera. Chukua kikombe kidogo cha kahawa chungu kilichojaa hadi pomoni, ukishike mbele ya kifua kwa mikono miwili, utembee mita 20. Kahawa ikimwagika, ruka ile ingeonekana kwenye video. Rudia mpaka ufike na kikombe kizima. Fanya hivyo umevaa viatu vya soli laini, au pekupeku kama ni mchangani. Ndara zinateleza unyayoni na kupiga kisigino, na kila pigo linafika kwenye kamera.

Kamera iwe kimo cha kifua, katikati ya njia, lenzi ikitazama mwisho wa kichochoro badala ya ukuta wa pembeni. Kitu cha mbali kikiwa katikati ya picha, jicho la mtazamaji hushika pale na kusamehe kuta. Ukitaka nakshi za mlango, usizirekodi ukipita. Simama mita moja na nusu, egemeza bega kwenye ukuta wa mkabala au ukae barazani, ushike sekunde 8 hadi 10. Bila shaka mwenye nyumba anaombwa ruhusa kwanza, na wapita njia pia, hasa kina mama.

Punda akija na shehena, jibanze kwenye daka (kibaraza cha mlangoni) umpishe. Usijaribu kurekodi ukirudi kinyumenyume. Mifereji ya maji iko miguuni, na hatua ya nyuma hata kwa mzoefu huwa nzito.

Ukipanda punda, funga kamera kwa mkanda wa kifuani uliokazwa vizuri, na uinue lenzi kidogo kwani kifua huinama mbele. Mkanda wa kichwani haufai. Kichwa hugeuka kila mara bila mwenyewe kujua.

Chomboni

Hapa lazima ujiulize swali moja kabla ya kubonyeza: nataka nini kitulie, bahari au chombo?

Jairoskopu hutuliza picha dhidi ya dunia. Ukiwasha utulizaji pamoja na kufunga upeo wa macho, mstari wa bahari utanyooka, lakini mashua itaonekana ikilalia huku na huku ndani ya picha. Hiyo ni nzuri sana ukirekodi tanga, mawimbi na pwani ya kisiwa cha Manda. Lakini kama unamrekodi nahodha ameshika usukani, ataninginia kama aliye bembeani. Kwa picha hiyo zima kufunga upeo, shusha au zima utulizaji kabisa, na uifunge kamera kwenye chombo chenyewe, mahali pagumu. Nahodha atatulia, bahari nyuma yake itapanda na kushuka, nayo ndiyo inayompa mtazamaji hisia ya kuwa safarini.

Ukishika mkononi, kaa katikati ya chombo na karibu na sakafu. Omo (mbele ya chombo) na tezi (nyuma) hupanda na kushuka kuliko pale katikati. Usiegemee mlingoti wala ukingo wa chombo, mwili wako ndio springi, na ukiuegemeza springi imekufa. Mwambie nahodha mapema, kwa adabu: "Nahodha, ukitaka kubisha niambie," yaani kugeuza chombo na tanga upande wa pili wa upepo. Foromali, ile boriti ya tanga, ikihama ghafla hukuharibia picha, na yaweza kukupiga kichwa. Na ukishapita Shela kuelekea bahari kuu mawimbi ni makubwa kuliko ndani ya mkondo, kwa hiyo picha za mazungumzo zimalize mapema.

Tone la maji ya chumvi kwenye lenzi likikauka huacha doa. Chukua chupa ndogo ya maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini, suuza kwanza ndipo ufute. Ukifuta chumvi kavu unakwaruza kioo.

Boti ya mashine

Usifunge kamera kwenye ukingo wa nyuma karibu na mashine. Weka kikombe cha maji pale unapotaka kuifunga. Uso wa maji ukifanya viwimbi vidogo vidogo vya haraka, pameshindikana. Ishike mkononi, kwa kuwa nyama ya mkono humeza mtetemo ambao chuma huupitisha. Ikibidi kufunga, kata vipande vya tyubu ya baiskeli, vipange safu mbili au tatu kati ya kishikizo na ubao, na mkono wa kishikizo uwe mfupi uwezavyo.

Hapa ndipo ND16 inapostahili bei yake. Shata ya 1/4000 huchora kila pindo la mtetemo kwa ukali, ilhali 1/250 huulainisha. Kanuni ni hiyo hiyo kwa bodaboda.

Programu, kwa yale yaliyobaki

Kuna njia mbili. Ya kwanza inatumia data ya jairoskopu iliyohifadhiwa ndani ya faili lenyewe. Gyroflow ni programu ya bure inayofanya hivyo, na inasoma faili za GoPro kuanzia HERO5. Rekodi ukiwa umezima utulizaji wa kamera. Ingiza faili asili, hakikisha wasifu wa lenzi ulingane na kamera na pembe uliyotumia, anza na ulaini wa kati, tazama, kisha ongeza au punguza. Faili lisipitie WhatsApp wala kukatwa na programu nyingine kabla, maana data ya jairoskopu hupotea humo na Gyroflow haitakuwa na la kufanya.

Njia ya pili huichunguza picha yenyewe, kwa hiyo inafaa video yoyote, hata ya simu. FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika, ikiwa na kijisehemu cha utulizaji kiitwacho vid.stab, hufanya kazi kwa awamu mbili:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf vidstabdetect=shakiness=7:accuracy=15 -f null -

ffmpeg -i asili.mp4 -vf vidstabtransform=smoothing=25:zoom=3,unsharp=5:5:0.8 -c:a copy tulivu.mp4

Awamu ya kwanza hupima mtikisiko na kuuandika kwenye faili la transforms.trf. Ya pili hurekebisha. Thamani ya smoothing=25 ina maana kila fremu inalinganishwa na 25 za kabla na 25 za baada, yaani sekunde mbili hivi kwa video ya fremu 25. Ukiweka 60 picha inaelea kama iliyo majini. Thamani ya zoom=3 huongeza ukuzaji wa asilimia 3 juu ya ule programu inaoamua yenyewe, ili kingo nyeusi zisichungulie.

Njia hii hudanganyika. Punda akikatiza na kujaza picha, programu humfuata punda na ukuta ndio unaohama. Tanga kubwa hufanya vivyo hivyo, na tone la maji kwenye lenzi pia, kwa kuwa tone limesimama tuli wakati kila kitu kinasogea. Kata vipande hivyo kando, uvitulize peke yake kwa smoothing=10, au uviache kama vilivyo.

Usitulize mara mbili. Video iliyokwisha kutulizwa na kamera ukiipitisha tena kwenye programu, pembe za picha huanza kuvutika na kurudi kama mpira. Ukilazimika, tumia thamani ndogo na uitazame yote kwenye kioo kikubwa, kwa sababu kioo cha simu huficha mengi. Faili asili usilifute kwenye kadi mpaka uwe umeitazama ile iliyotulizwa mwanzo hadi mwisho.